Simu Iliyoingia Maji

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimeiitikia mwenyewe, tena kwa sauti, mpaka Kaka Yohana akainua kichwa mezani kwake na kuniangalia. Nimemwambia nimepaliwa na chai.

Ni saa sita na nusu mchana, niko ofisini kwetu chuoni, Chimwaga. Wenzetu wamekwenda kula, tumebaki sisi wawili. Saa nane kamili natakiwa nimpigie simu binti mmoja aliyekwama ugenini, kwenye nchi iliyoingia vitani, na sijui nitamwambia nini. Ndiyo maana nimechukua karatasi nikuandikie wewe. Najua ungesema nina vituko. Sawa, ninavyo.

Binti anaitwa Neema. Ni mwanafunzi wetu, alipelekwa nje kusoma kwa mwaka mmoja kama nilivyopelekwa mimi. Si nchi ile niliyokwenda mimi, ila risasi ni zilezile. Wiki ya pili hii wamejifungia hosteli. Kesho alfajiri basi tuliloliomba na kuliombea linawachukua kuwapeleka mpakani. Na jana asubuhi baba yake mzazi amefariki dunia, kwao Ihumwa. Yeye hajui.

Leo asubuhi baba yake mkubwa kaja hapa. Mzee mstaarabu, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi la njiani. Kakaa pale kwenye kiti cha wageni akasema, "Binti yangu, tunakuomba, mtoto asiambiwe. Akiambiwa atazimia njiani. Mwambieni baba anaumwaumwa tu, akifika tutajua wenyewe." Wanazika keshokutwa. Neema, mambo yakienda vizuri, atafika baada ya siku nne.

Mama, nilimtazama yule mzee nikamwona Mjomba Hamisi kabisa. Nilitamani kumfokea. Nikamwambia pole sana baba, tumesikia, nikampa maji ya kunywa.

Mengine hukuyaona, maana uliondoka yakiwa hayajatokea. Wacha nikusimulie.

Simu yetu ya mwisho unaikumbuka. Ilikuwa mchana kama huu. Ulikuwa barazani kwetu Miyuji na cherehani yako, nasikia kabisa unavyoikanyaga, sare za shule zile za kijani. Sisi tulikuwa chini ya hosteli, kwenye stoo, wasichana kumi na mmoja na ndoo mbili za maji. Kikapiga kishindo cha karibu hivi, chokaa ikatumwagikia kichwani. Ukauliza, "Nini hicho?" Nikasema fataki, Mama, jirani wana harusi. Cherehani ikanyamaza. Halafu ukasema, "Harusi gani hiyo haina vigelegele?"

Nikacheka. Na wewe ukacheka. Ukaniambia nile hata kama ni mkate mkavu, ukakata simu nisiishiwe chaji. Basi. Maneno yangu ya mwisho kwako, wewe uliyenizaa, yalikuwa ya harusi ya uongo.

Siku mbili baadaye Mama Rehema, jirani, alikuja kuchukua sketi za wanawe akakukuta umeinamia cherehani, akadhani unatunga uzi. Presha. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Huyohuyo Mama Rehema ndiye aliyeniambia, baadaye sana, kwamba ulikuwa huizimi redio ile tangu asubuhi, kila taarifa ya habari unaisikiliza mpaka mwisho, unauliza mji ule uko upande gani. Na simu yangu ikiita, kwanza unaizima redio, unajifuta uso kwa upande wa kanga, ndipo unapokea. Mama jamani! Wewe uliyekuwa ukiniambia "usinifanyie sinema, Zuhura" kila nikijifanya mgonjwa nisiende shule, kumbe ulikuwa unanifanyia sinema kubwa kuliko zangu zote.

Wakakuzika kesho yake kabla ya adhuhuri. Hilo silalamikii, dini yetu haicheleweshi maiti. Nalalamika kwamba hakuna aliyeniambia. Mjomba Hamisi alikuja ofisini hapa, akakaa kwenye kiti hikihiki cha wageni, akamwomba Kaka Yohana jambo lilelile: mtoto asiambiwe, atazimia njiani. Unajua mwenyewe watu wetu wanavyoficha msiba kwa aliye safarini. Wanafikiri wanakubebea mzigo.

Nisiwe mwizi wa fadhila, chuo hakikututupa. Walitupigia kila siku mara mbili, saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Kaka Yohana anasoma majina, kila mmoja anaitika, anauliza chakula, maji, dawa, pasipoti iko mfukoni au imebaki chumbani. Mtu akikosa kuitika, walikuwa hawaondoki ofisini mpaka apatikane. Mwalimu Chilewa, aliyekuwa amekwenda kule kufundisha, alipewa nafasi kwenye gari la kwanza na wahadhiri wa nchi nyingine, akakataa, akasema ataondoka na watoto wake. Sisi ndio watoto wake, na wengine tulikuwa tunamcheka suruali zake. Namheshimu mpaka kesho.

Lakini kila saa nane, nikishaitika, nilikuwa nauliza, "Kaka, Mama yangu mbona hapatikani?" Na Kaka Yohana akajibu, "Mama yupo. Simu yake imeingia maji." Nikasema loo, kaidumbukiza kwenye ndoo yule, namjua! Mwambieni aifukie kwenye mchele. Kaka Yohana akacheka. Mama, akacheka! Nilimsikia kwa masikio yangu, wewe ukiwa tayari una siku mbili kaburini, na mtu anacheka. Kesho yake nikauliza tena, mchele umesaidia? Akasema bado, dada, bado tunajaribu.

Siku tisa nilikuwa nakusubiria ukauke kwenye mchele.

Na Mwalimu Chilewa naye alikuwa anajua. Ndani ya basi akanipa kiti cha dirishani. Akanibebea begi. Biskuti zake akanipa mimi, maji yake akanipa mimi. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ananitaka. Niliwaambia wenzangu, huyu mzee ana lake jambo, nikawa nahama kiti. Astaghfirullah. Mtu anakupa pole kimoyomoyo, wewe unamwona mhuni.

Mpakani tulikaa siku mbili kwenye jua tukisubiri mihuri. Pale nikakununulia mtandio, wa rangi ya zambarau, kwa mama mmoja aliyekuwa ameuza karibu kila alichokuwa nacho. Nikauvaa shingoni usije ukapotea.

Tukapanda ndege, kisha treni. Tulivyopita Ihumwa nikasimama kabisa dirishani, moyo unanienda mbio kwa furaha, nikaona milima yetu na miti yake ya miiba, nikasema nimefika kwa Mama. Stesheni alikuwepo Mjomba Hamisi na shangazi wawili. Nikauliza, Mama yuko wapi? Mjomba akasema, "Twende nyumbani kwanza." Shangazi mmoja akanishika mkono akawa hauachii, kwenye gari kaushika, tukapita sokoni kaushika. Nikamwambia shangazi, unaniumiza.

Tulipokata kona ya kwetu nikawaona wanawake barazani kwenye mikeka. Waliponiona tu wakapiga ukelele, wote kwa pamoja, wakaanza kulia upya. Nilijua kwa ule ukelele. Cherehani yako ilikuwa imefunikwa shuka na kusukumwa ukutani, na juu yake wameweka sinia la vikombe vya chai. Nikaenda nikaliondoa lile sinia. Eti watu wakasema amechanganyikiwa, mwacheni. Nilikuwa sijachanganyikiwa hata kidogo. Nilikuwa nimekasirika.

Mama, sikukuosha. Sikukuona. Nimekuta udongo umeshakauka na kupasuka, na jiwe la kuonyesha kichwa kilipo. Nauliza watu Mama alikuwaje, wananiambia alikuwa mzuri, uso ulikuwa unang'aa. Wote wanasema hivyohivyo, sijui kama ni kweli au nalo ni la mchele.

Baada ya arobaini nilikuja hapa chuoni kugombana. Nilimkuta Kaka Yohana peke yake. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyaandaa, hata matusi mawili ambayo ungeyasikia ungenizaba kibao. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema siku ile baada ya kucheka alikata simu akaenda nyuma ya jengo, akasimama kule mpaka bosi wake akatuma mtu kumtafuta. Akasema ndugu zako walimpigia magoti wakimwomba. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Ningekuambia, ungepanda basi?"

Mpaka leo sijamjibu. Kuna siku nasema ningepanda, kuna siku najiona nimekaa chini kwenye ile stoo nimegoma kutoka, na wenzangu kumi wanachelewa kwa ajili yangu.

Miezi michache baadaye wakatangaza nafasi, wanataka mtu wa kusaidia dawati la wanafunzi na watumishi walio nje, mwenye kuyajua mambo ya kukwama. Nikaomba. Wenzangu walisema nina moyo. Moyo gani? Ilikuwa hasira. Nilitaka nikae kwenye hii simu ili asitokee mtu mwingine wa kumcheka mtoto wa watu.

Kila kundi linaloondoka tunalifanyia semina. Kaka Yohana anawafundisha mambo ya bima na pasipoti na namba za ubalozi. Mimi nawasimulia habari ya simu yako na mchele. Nilikuwa najifunza kuisimulia bila kulia, sasa naweza. Mwisho nawaambia, "Ofisi hii haitakuficha kitu. Likitokea la kutokea nyumbani, utalisikia kutoka kwangu." Neema alikaa mbele kabisa siku ya semina yao, daftari mapajani. Kwenye mchele alicheka, wote hucheka hapo. Halafu akaacha kucheka kabla ya wenzake.

Sasa baba mkubwa wake anataka nimfiche. Mkuu wetu wa ofisi anasema matakwa ya familia yaheshimiwe mpaka avuke mpaka, kwa usalama wa safari, na si mtu mbaya anaposema hivyo. Kaka Yohana anapanga mafaili ambayo yameshapangika. Nikimwambia Neema akagoma kupanda basi, nimemuua mimi. Nisipomwambia, anakuja kupokewa na ukelele, baba yake yuko chini.

Ni saa nane kasoro dakika tano. Mama, niombee huko uliko. Naenda kupiga.

*

Saa tisa na robo. Kama hati haisomeki utanisamehe, wewe mwenyewe ulikuwa unasema naandika kama kuku kapita.

Nilisoma majina. Wakaitika wote. Chakula kipo cha leo, maji yapo, mmoja ana homa, dawa tulishampelekea. Begi moja kila mtu, mabegi makubwa yaachwe. Basi saa kumi na moja alfajiri, asitoke mtu nje kabla dereva hajapiga simu. Yote nimesema vizuri. Kisha Neema akachukua simu peke yake akaniuliza, "Dada, baba mbona simpati tangu jana?"

Mama, nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika hata kwenye karatasi: Neema, kaa chini kwanza. Niliitazama karatasi. Halafu nikamwona kwenye ile stoo, na lile basi linaondoka bila yeye, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema, "Baba yupo, Neema. Simu yake imeingia maji."

Wallahi, haya ndiyo niliyosema. Maneno yaleyale. Kwa sauti ileile ya Kaka Yohana ya kuchangamka.

Nikasikia kwa mbali kule kwao mtu anafunga zipu ya begi. Kisha Neema akasema, taratibu sana, "Dada Zuhura. Imeingia maji?"

Nikaona Kaka Yohana amesimama, mkono mdomoni. Neema akauliza, "Lini?" Nikasema jana asubuhi. Nikamwambia nisamehe, mdogo wangu, nisamehe, nilikuwa na karatasi kabisa. Hata hakunisikia. Alilia kilio cha chini, cha mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja wasimsikie walio nje, na mimi nikakijua kile kilio, ndicho tulichokuwa tunalia kule stoo. Wenzake wakaja. Wakamkalisha. Mimi nikabaki kwenye simu. Nikawa naita tu jina lake. Simu yangu ikaanza kulia chaji, Kaka Yohana akaja akachomeka waya, akarudi nyuma hatua moja akasimama hapohapo.

Hakuzimia, Mama. Wote tuliogopa atazimia, na hakuzimia. Baada ya muda mrefu akarudi kwenye simu akauliza, "Wanazika lini?" Nikamwambia keshokutwa. Akasema, "Wanisubiri, Dada. Waambie wanisubiri. Basi nitapanda, ila wanisubiri."

Nikamtazama Kaka Yohana. Alikuwa amesikia. Lile swali lake la miaka miwili limejibiwa na mtu mwingine, si mimi, na pengine kwangu mimi jibu lingekuwa lingine kabisa. Akakaa kwenye kiti cha wageni akainamisha kichwa. Sikumwambia nimekusamehe. Nilimwambia achukue funguo za gari, tunakwenda Ihumwa.

Tunaondoka sasa hivi. Baba mkubwa atanifokea, tena ana haki, nilimwambia tumesikia halafu nikafanya kinyume. Mkuu wa ofisi nimemwandikia ujumbe, hajajibu, huenda kesho nikaja kutoa vitu vyangu mezani. Lakini baba yake Neema yuko mochwari, anaweza kusubiri siku mbili za ziada, na mimi sitatoka kwenye ule mkeka mpaka wakubali. Nikikataliwa na wazee nitakwenda kwa bibi yake Neema. Ukaidi wangu unaujua, ulikuwa unaulaumu ukoo wa baba.

Kwetu hapajabadilika sana. Lami imefika mpaka karibu na msikiti, vumbi limehamia kwetu lote. Mjomba Hamisi anakuja kila Ijumaa na mkate, anakaa barazani, hatuongelei lile jambo. Amezeeka ghafla. Cherehani yako ninayo chumbani kwangu, kushona sijui, naifuta tu na kuitia mafuta. Ule mtandio wa zambarau nimeufunga pale kwenye gurudumu lake. Mlenda wa Mama Rehema hauna ladha kama wako, na namwambia ni mtamu.

Kwaheri, Mama. Mungu akulaze panapo nafasi. Nakuahidi Neema akishuka treni nitakuwa mtu wa kwanza kumwona, na hakuna atakayemwambia twende nyumbani kwanza. Nitamshika mkono, na akisema namuumiza nitauachia.

Na kwa kuwa leo nimeshaanza kusema kweli, nimalizie na yako, ingawa najua uliijua tangu pale cherehani iliponyamaza. Zile hazikuwa fataki, Mama. Niliogopa sana. Nilikuwa nataka kukuambia njoo unichukue.

Mwanao,
Zuhura